Kendi Alisema Naichoma

Enzi zetu dadu zilikuwa punje tano za mahindi, kila moja imepakwa makaa upande mmoja. Ulizitikisa kiganjani, ukazimwaga juu ya gunia la kahawa, na sisi wanne tukainama kuhesabu nyeusi. Nyeusi tatu, umefaulu. Chini ya hapo, shauri yako. Wenzangu mliokulia upande wa Karurumo mlikuwa na kati ya mpira na bano za gololi. Sisi tulikuwa na mchezo huu wa kusimulia, na sijui hata leo nani aliuanzisha, ila msimulizi nilikuwa mimi.

Mimi nilieleza mlipo: mko ukingoni mwa Thuci, mto umefurika, ng'ambo kuna moshi. Kila mmoja alisema mtu wake anafanya nini, tena kwa Kiswahili, kwa sababu tuliamini mashujaa hawawezi kuongea Kiembu. Kaka yangu Njeru alikuwa mwindaji, na alitaka kupigana na kila kitu, hata mbuzi. Ireri wa jirani alikuwa mganga mwenye dawa ya kila ugonjwa, huku kamasi zake mwenyewe hazijakauka. Tulikaa ndani ya stoo ya baba, Julai, ukungu nje na baridi ya kukata masikio, kila mtu na kipande chake cha nduma moto mkononi. Harufu ya kahawa kavu bado hunirudisha humo.

Nilikuwa hodari, acha nijisifu kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu. Kuvuka kijito cha kawaida hakukuhitaji punje. Ulivuka tu, tukaendelea. Punje zilitolewa pale ambapo kushindwa kungeuma. Hapo nilizishika kwanza, nikamtazama mtu machoni, nikauliza polepole, "Una hakika?" Na mambo yakipamba moto, mlango ndio huo unafunguka, nilisema uji unachemka, nikatoka. Walinichukia mpaka kesho yake. Sheria kubwa ilikuwa moja: mdomo ukishasema, mtu wako ameshafanya.

Mwanangu ana mchezo kama huo, umetoka dukani ndani ya sanduku, na dadu zake zina pande ishirini. Anacheza na watu ambao hajawahi kukutana nao, hedifoni masikioni, amejifungia chumbani hapa mtaani Majimbo. Hawa wa siku hizi hutupa dadu hata kwa kukohoa. Juzi nilimsikia akitupa ili afungue mlango ambao haukuwa umefungwa! Nilicheka peke yangu jikoni, nikakosa wa kumsimulia. Njeru yuko ng'ambo, hupiga simu Krismasi. Ireri tulishamzika.

Aliyebaki karibu ni Kendi, na huyo ndiye niliyempoteza mapema zaidi. Kendi ni binti wa mama yangu mdogo, aliyeolewa Maua, kule Meru. Aliletwa kwetu akiwa na miaka tisa, mimi kumi na mmoja, kwa sababu mama yake alikuwa ameondoka nyumbani bila kuaga mtu. Tukiuliza ameenda wapi, mama yangu alitujibu kwa ukali, "Mambo ya wakubwa hamyawezi. Kachoteni maji." Kendi hakuuliza tena. Kimeru kilikuwa kimemkaa ulimini, na kwenye Kiswahili kila s ilimtoka ch: chabuni, chukari, chacha hivi. Tulimcheka, naye alicheka nasi.

Siku ya kwanza kucheza, alisema mtu wake ni msichana anayemtafuta mama yake. Nikakubali. Kwa wiki tatu nilimvusha mito, nikamlaza mapangoni, nikamwambia kwamba mlinzi wa daraja ana barua, na ndani ya barua imeandikwa mama aliko. Kendi alianza kumaliza kazi zake mapema. Alinifuata hata nikikata majani ya ng'ombe, aniulize kama barua ni ndefu. Siku ilipofika alimwaga punje, zikalala nyeusi nne. Barua ikawa yake.

"Unaifanyaje?" nikauliza.

"Naichoma," Kendi akasema.

Njeru na Ireri wakaangua kicheko. Kendi akapiga kelele, "Nimechema naichoma! Kwa macho!"

Nilimsikia vizuri. Kila mtu stoo ile alijua anataka kusoma. Lakini, jamani, sikuwa na barua. Wiki tatu nzima nilikuwa navuta kamba bila kujua imefungwa wapi. Ningesema mama yake yuko wapi, mimi ambaye sikuwa nimeambiwa chochote? Niliogopa, nikajificha nyuma ya sheria. "Mdomo umesema," nikamwambia. "Imeungua."

Hakulia. Aliokota punje zote tano, akazirudisha kwenye kopo, akatoka. Hakucheza tena, na muhula ulipoisha baba yake akaja kumchukua. Mama mdogo hajaonekana hadi leo.

Mwaka jana tulipomzika mama yangu, Kendi alikuja kutoka Meru. Ni muuguzi sasa, na s zake zimenyooka. Kwa miaka yote hii tumekuwa watu wa salamu za misiba na harusi tu, na upweke wa siku ile ulinipa ujasiri. Wageni walipopungua nilimfuata alikokuwa akiosha sufuria, nikamwomba msamaha kwa ile barua. Nilidhani atacheka.

"Dada, sikukasirikia mchezo," akasema, mikono ndani ya maji. "Nilijua mmeambiwa mama aliko. Nilijua unajua, na umeamua kunificha."

Nilimwambia hatukujua, hakuna aliyejua, kwamba barua haikuwa na kitu. Aliendelea kusugua sufuria ile ile kwa muda mrefu.

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa nangoja uniambie," akasema.

Tunapenda kuwasema vijana hawa kwa kujifungia na mashine zao. Enzi zetu, tunawaambia, tulikaa pamoja, mtu akamtazama mwenzake machoni. Ni kweli. Mimi nilikaa na Kendi juu ya gunia moja, nikamtazama machoni, nikaona anachokitaka, nikamwambia imeungua.