Leseni ya Mume wa Dada

Mume wa dada yangu ni mfamasia. Huna haja ya kuuliza. Atakwambia mwenyewe kabla hujakaa. Shahada iko ukutani, leseni iko ukutani, na kwa kuwa ukuta ndio uliofanya kazi, tulimpachika jina la Bwana Fremu. Kila Ijumaa alipita dukani, akapangusa vioo vya fremu zake, dada akamvika kilemba cha ukoka, akaondoka.

Kazi niliifanya mimi, miaka tisa. Leseni yangu ni ya msaidizi: naruhusiwa kutoa dawa mfamasia akiwapo. Hakuwapo. Nilinyamaza kwa ajili ya dada, maana duka likifungwa wanawe wanne watakula nini?

Mwaka huu, kabla ya kumwongezea muda wa leseni, mkaguzi alitaka kumwona akihudumia wateja. Dada aliniomba nimsaidie mumewe kwa macho tu, mdomo niufunge. Shemeji alivaa koti jeupe lenye mikunjo ya sanduku, akaanza kutafuta panadoli kwenye kabati la dawa za macho. Debe tupu.

Akaingia bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Aliomba vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda, na aspirini ya magoti. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ukizimeza dawa hizo pamoja unaweza kuvuja damu tumboni hadi ufe. Shemeji alitabasamu, akazitia zote kwenye bahasha moja. Nilikohoa. Aliniuliza kama nina mafua.

Nikaichukua bahasha. "Bibi, aspirini usiinywe. Itakuua."

Mkaguzi akainua uso. "Unamjua?"

"Namhudumia kila mwezi."

"Na mfamasia huwa wapi?"

Dada alinikazia macho kutoka mlangoni.

"Kwa miaka tisa natoa dawa peke yangu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama kaunta hapa," nikasema.

Uamuzi haukuchelewa. Shemeji ana shahada, hati zake zimekamilika: kaonywa, na kuamriwa awepo dukani kila siku. Mimi nimekiri kutoa dawa miaka tisa bila msimamizi: leseni yangu imefutwa. Dada hasemi nami. Ati nimemvunjia mumewe heshima, kana kwamba alikuwa nayo.

Mwezi uliofuata nilimwona bibi yule akiingia dukani taratibu, akijishika magoti. Nyuma ya kaunta alikuwapo Bwana Fremu, peke yake.