Nguruwe wa Pélagie Nyumbani kwa Waislamu

Mimi Zaina, mtoto wa Waislamu wa Kisangani toka babu wa babu, nimewahi kuficha nguruwe nyumbani kwangu. Usicheke! Alikuwa wa Pélagie, jirani yangu mjane. Mtaa mzima alibaki huyo mmoja, tena na mimba.

Pélagie aliishi kwa nguruwe. Aliuza watoto wao sokoni, akavisha na kusomesha binti zake. Basi mwaka ule wa uasi, peste, tauni ya nguruwe, ikaingia. Nguruwe anawaka homa, masikio yanakuwa mekundu, kisha analala chini na haamki. Dawa hakuna, daktari Mbelgiji wa wanyama alikwenda zake uhuru ulipofika. Msaidizi wake, Papa Dominique, alipita akisema: wanaokufa wachomwe, na nyama isitoke wala isiingie. Wapi! Nani achome nyama na njaa ile? Mnyama akianza kutetemeka, watu walimchinja haraka, wakambanika, wakawagawia mashemeji. Mifupa na maji ya kuoshea nyama wakawapa nguruwe waliobaki. Ugonjwa ukapita humo humo; watu walijimalizia nguruwe wenyewe, jamani.

Ndipo Pélagie akaja kwangu.

"Mama Zaina, kwako nyama ya nguruwe haijaingia hata siku moja. Unifichie huyu."

Astaghfirullah! Nilimfokea mpaka koo likakauka. Mume wangu Amuri, fundi cherehani, hakuinua hata kichwa. "Tunamupa kivuli, hatumuli," akasema. Bon, tukamjengea banda nyuma ya jiko. Pélagie alikuja kumlisha mwenyewe, na mlangoni alikanyaga majivu kwanza, asiingize ugonjwa kwa miguu.

Siku moja asubuhi, Pélagie akiwa bandani, kaka yake mkubwa Édouard akatokea kwenye mlango wangu. Alikimbia vita Ubundu, na mkononi ana kifurushi cha nguruwe wa kubanika. Kwa dada huendi mikono mitupu.

"Papa Édouard, sisi Waislamu, nyama hiyo haiingii humu," nikawahi kusema.

Nyuma ya jiko nguruwe akakoroma. Édouard akacheka mpaka akashika mlango. "Na ile inalia, iko mbuzi?"

Pélagie akatoka. "Yaya, kaka yangu, nyama yako inaweza kuwa na ugonjwa. Weka chini tuichome, uoge, ndiyo uingie."

Kicheko kikakatika. "Nimebeba hii toka Ubundu na njaa yangu, sikuionja, nasema iko ya dada yangu. Na wewe unaniogesha sawa mutu wa ukoma?"

"Huyu nguruwe akikufa, batoto bangu batakula nini?"

Édouard alifunga kifurushi chake taratibu, akageuka.

"Mukimbilie!" nikapiga kelele. Pélagie alipiga hatua, akasimama. Angemkumbatia na nyama ile mikononi, asingeweza tena kumkaribia nguruwe wake. Alibaki pale mlangoni akilia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Édouard alishika njia ya Opala. Huko watu wenye bunduki walimkamata, na hatukumwona tena.

Nguruwe alizaa salama. Vita ilipotulia, mtaa mzima ulikuja kununua watoto wake, hata wale waliomwita Pélagie mchoyo kwa kumficha. Mpaka leo wanamsifu: alors, Pélagie, wewe una akili! Mimi naumia nikisikia, kwa sababu wanasema kweli, nguruwe yule aliwalisha wote, lakini kwa ajili yake Édouard aligeuka mlangoni pangu.

"Ndiyo, nguruwe alipona," Pélagie anawajibu, kisha anaingia ndani.