Ngozi Yetu Kwenye Fimbo ya Mwalimu

Mwezi uliopita nilikwenda Rangwe kumzika mwalimu wangu wa darasa la sita. Nikuambie ukweli, rafiki yangu: sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Nilikaa chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, nikamsikiliza mtu baada ya mtu akishika maikrofoni na kumwita baba wa elimu. "Alitunyoosha!" walisema, na watu wazima wenye mvi wakacheka na kupiga makofi. Mimi niliikunja mikono mapajani.

Wengi wao hawakujua alitunyoosha kwa kitu gani. Mimi najua, maana nilikishona mwenyewe.

Siku hizo niliishi Sindo, kando ya ziwa, kwa mama yake baba, ambaye sote tulimwita Dani. Nyumba yake ilinuka magome ya miti yaliyolowekwa, kwa kuwa humo ndimo alimolainishia ngozi za mbuzi kabla ya kuzikata kanda nyembamba kama tambi. Wavuvi wa ndoana walimletea mianzi mikavu. Yeye alizisuka kanda zile kwenye mpini, akawarudishia ufito wa kuvulia usioteleza hata mkono ukiwa na ute wa samaki. Wala hakuishia hapo. Kwa waya wa moto alichora juu ya ngozi safu za magamba ya ngege, akazipaka masizi na samli mpaka zikang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

Wavuvi hao hao walikuwa wakisema kwamba mwanamke akigusa vyombo vya uvuvi analeta mkosi. Walisema hivyo huku wamesimama mlangoni pake wakingoja zamu. Dani aliwajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Kama mikono yangu iko na mkosi, shoneni na ya kwenu."

Kazi yangu ilikuwa kukwangua manyoya kwa kipande cha chupa na kufukuza kuku. Jumamosi tulikula ugali wa wimbi na omena, tukanawa, tukarudi kwenye ngozi. "Kaza ikiwa mbichi," aliniambia. "Ikikauka haikusikii tena."

Nilipofika darasa la sita, mwalimu alituagiza tulete kazi za mikono. Wengine walileta vitambaa vya meza na vyungu. Mimi nilisuka mpini wa kwanza wa maisha yangu, magamba na yote, na Dani hakugusa hata mshono mmoja. Nilipomaliza aliugeuzageuza, akauvuta, akaupiga gotini. "Huu naweza kumpa mvuvi bila aibu, nyakwara," alisema, yaani mjukuu wangu. Sijawahi kusifiwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Mwalimu aliuinua ufito wangu darasa zima likauona. Alinipa alama za juu kuliko wote. Kisha akauweka nyuma ya kabati, na nilipouomba Ijumaa akanitazama kama mwizi.

"Kwani unaenda kuvua? Hii sasa ni ya shule."

Jumatatu alikuja ameukata. Mwanzi ulikuwa umebaki urefu wa mkono, na mpini wangu umetulia kiganjani mwake. Wa kwanza kuitwa mbele alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, aliyechelewa kwa sababu alitumwa maji ziwani. Kabla hajampiga, mwalimu alitugeukia.

"Mshukuruni mwenzenu," alisema. "Ametutengenezea kifaa."

Darasa lilicheka. Alipiga kwa nguvu zake zote, na mpini haukuteleza.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu alikusanya vitabu vyake. "Si ungeshona kitambaa tu kama wengine," aliniambia, akahamia dawati la nyuma. Hakurudi. Wengine walinibandika jina la Mama Kiboko, nikaitikia.

Nyumbani nilinyamaza. Dani alijua siku jirani yetu alipomleta mwanawe, viganja vimevimba, akamsimamisha mbele yetu. "Angalieni kazi ya mikono yenu," alisema. Kesho yake Dani alivaa gauni la kanisani, akaja shuleni na kutukuta kwenye gwaride la asubuhi.

"Mwalimu, nimekuja kwa kitu ya mjukuu wangu."

"Mama, hiyo ni mali ya shule. Rudi nyumbani."

"Nionyeshe tu. Nataka kuona kama mshono imeshika."

Mwalimu alimnyooshea mpini kwa dharau, ncha ya fimbo ikiwa bado mkononi mwake. Dani alifungua fundo la leso, akatoa wembe, akakata mshono wa mwisho na kuanza kuifumua ngozi, mzunguko kwa mzunguko, mbele ya shule nzima, mpaka mwanzi ukabaki uchi.

"Fimbo ni yako," alisema. "Ngozi ni yetu."

Ningependa kukuambia kwamba tulishinda. Alipoondoka tu, mwalimu aliniita mbele. Mwanzi ule ulipasuka akinipiga, ufa wake ukanibana nyama ya kiganja, naye hakuacha. Walimu wenzake walikuwa pale pale, wakitazama viatu vyao.

Vidonda vilipona. Dani aliiloweka ile ngozi, akainyoosha, akanipa. "Anza tena." Sikuweza. Kila niliposhika ngozi mbichi nilisikia darasa likicheka. Likizo zikaja, zikapita. "Leo tushone?" aliniuliza. "Niko na kazi ya shule, Dani." Macho yake yakafifia. Wavuvi nao wakahamia fito za dukani zenye mpini wa sponji, na mwishowe hata hakuuliza.

Huko Rangwe walinikumbusha kwamba marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema. Ila hasira yangu haiishii kwake peke yake. Leo Sindo nzima hakuna anayejua kusuka mpini ule. Mimi mwenyewe sijui jinsi Dani alivyolificha fundo la mwisho ndani ya ngozi lisionekane. Nilikuwa na miaka ya kumuuliza. Alikaa mlangoni, ngozi iliyolowa mapajani, akinisubiri, na mimi nilijifanya ninasoma.