Mwatumu Asipopanda, Breki Haijapona

Saa tatu asubuhi jua la Chumbageni limeshaanza kuchoma mabati, na Miraji Mselem amelala chali chini ya kigari chekundu cha milango mitatu. Miguu yake tu ndiyo iliyobaki duniani. Mgeni angepita hapa angedhani mtu kakanyagwa na dereva kakimbilia Mombasa.

"Kanyaga!" inatoka sauti uvunguni.

"Nimekanyaga, mzee wangu," anajibu Uweso, mwenye kibanda cha vipuri cha jirani. Wateja wake hawajafika, basi ameazimwa mguu.

"Kanyaga tena!"

"Wa kwanza unazama kama kwenye tope la mikoko. Wa pili ndio unakamata. Mzee, hii breki au mchumba? Mpaka aombwe mara mbili?"

Miraji anajikokota kutoka uvunguni, ndevu zimeshika vumbi, macho hayana mwenyewe. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, na zaidi ya nusu ya umri wake ameutumia kuyasimamisha magari ya watu.

"Tangu jana natoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki," anasema. "Upepo niliotoa humu ungejaza mipira ya ligi nzima ya mkoa. Na bado umo. Sielewi. Wallahi sielewi."

Kigari ni mali ya Rehmatbai, mjane mwenye duka la viungo na vitambaa hapa mjini. Kila Alhamisi hukipakia sabuni, bizari na khanga mpaka kichuchumae, akapanda nacho milimani Amani kuwauzia wachumaji wa chai. Kupanda si tabu. Tabu ni kushuka.

Mwezi uliopita, njiani kurudi na shehena iliyokosa wanunuzi, magurudumu ya mbele yalifuka moshi na pedali ikalala sakafuni. Rehmatbai alikiegemeza kigari kwenye ngema ya udongo, kikasuguka ubavu mzima hadi kikasimama.

"Nilisoma dua zote ninazozijua," anasema, "zikaisha, nikaanza za watu wengine."

Mpwa wake, Nadir, anayefanya kazi Dubai, aliposikia alituma breki za mbele za gari la mashindano: diski pana kama sinia la harusi, kalipa zake, yaani vile vibanio vinavyoikaba diski, na magurudumu makubwa, maana yale ya zamani yasingezimeza. Siku hizi mambo ni ruksa. Hata breki husafiri kwa meli kama abiria.

Vifaa vikaja kwa Miraji. Na Miraji, ambaye hakuwahi kushindwa na gari lisilokuwa na kitu, akashindwa na gari lenye kila kitu.

Watu wa Tanga hawajaisahau ile miaka ya themanini mwanzoni, duka likiwa na rafu na mwenye duka tu. Sabuni foleni, sukari foleni, na mafuta ya breki watu waliyaona ndotoni, tena ndoto za matajiri. Miraji alikuwa karakana ya shamba la mkonge. Alikata mikanda ya mashine iliyochakaa, akaipigilia ribiti kwenye viatu vya breki. Mafuta ya breki aliyachanganya mwenyewe: mafuta ya nyonyo na spiriti.

"Lori moja tulilitia mafuta yale," anasimulia, "mlevi mmoja wa Ngamiani akalifuata kwa miguu hadi Pongwe, akilinusa. Walipomrudisha alilia."

Nani angeiamini breki ya namna hiyo? Hakuna. Mwenye lori mmoja wa Muheza alimwambia waziwazi kwamba haendi kufa kwa sababu ya mkanda wa mkonge. Miraji akaudhika. Akaagiza mkewe aitwe.

Mwatumu alifika mikono ikiwa na unga. Akaambiwa aketi mbele, kushoto. Wakapanda Amani, wakateremka, na chini kabisa akashuka, akajipangusa unga, akasema neno moja: "Inashika."

Toka hapo ikawa kanuni. Mafundi wengine hutoa hakikisho kwa mdomo. Miraji hutoa Mwatumu. Breki ikipona, mkewe anakaa mbele katika mteremko wa kwanza, na mwenye gari anasubiri chini. Inasemwa kwamba mchuuzi mmoja wa Moa alilala Tanga siku mbili akimngoja Mwatumu atoke matangani, na gari lake lilishapona zamani.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomlisha Miraji alipoacha shamba na kufungua gereji yake chini ya mabati haya. Siku njema huondoka na shilingi elfu moja. Siku njema zenyewe zimepungua tangu zifunguliwe gereji mpya upande wa bandarini, zenye mabango na mashine za kujaza upepo.

"Kule wana mashine," anasema Miraji. "Mimi nina mke."

Lakini asubuhi hii mke anatokea uani, mjukuu wake Sabiri, mtoto wa binti yao Najat, kamlalia kifuani. Rehmatbai naye ndio kwanza anafika, mwavuli mkononi.

"Shikamoo, mama," anaamkia Uweso kutoka kwenye usukani.

"Marahaba," anaitikia Rehmatbai. "Kumbe fundi siku hizi ni wewe?"

"Mimi ni mguu tu, mama. Kichwa kiko chini huko."

Mwatumu anamtazama mumewe. "Baba Najat, umemaliza?"

"Karibu."

"Karibu na wapi?"

Miraji anajikuna. "Inashika mkanyago wa pili."

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza… sijui. Sijui imekuwaje."

"Basi mimi sipandi."

Analisema taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa wali. Uweso, aliyekuwa ameshafungua kinywa kucheka, anakifunga. Miaka yote ile Mwatumu amekalia mikanda ya mkonge, amekalia nyonyo na spiriti, hakukataa hata mara moja. Leo anakataa breki ya Dubai.

"Mwatumu asipopanda, na mimi sipandi," anasema Rehmatbai. "Mniwie radhi. Kesho mkiniita, nitakuja Amani kusubiri chini kama wengine. Msiponiita, kigari nakipeleka bandarini."

Naye Miraji anajua, na kila aliyesimama pale anajua, kwamba kigari hicho kikienda bandarini hakitakwenda peke yake. Habari ya kwamba Mwatumu kakataa itafika Kigombe kabla ya samaki wa jioni.

Siku ile fundi anafanya yote anayoyajua, na mengine asiyoyajua. Anabadilisha mafuta. Katika kibanda cha Uweso kuna makopo ya rangi tatu, kila moja limeandikwa kwamba ndilo bora. Ananunua jekundu, anatia, anamwaga, anatia la bluu. Anakagua kila kiungo kama kinavuja. Hakuna tone. Anakanyaga: tope. Anakanyaga tena: chuma.

"Zamani jibu lilikuwa moja, hakuna," anasema, amekalia tairi. "Ukishaambiwa hakuna, akili inatulia, unatafuta njia. Sasa kila kitu kipo, na sijui kipi kati ya vilivyopo ndicho kinachonidanganya."

"Labda breki ya mashindano haitaki kusimama," anamchokoza Uweso. "Imezoea kushindana, wewe unaipeleka kwenye khanga!"

Alasiri anaingia ndani kunywa maji. Mwatumu ameketi mkekani, Sabiri ametoka kunyonyeshwa na mamaye, naye bibi amemsimamisha begani anampigapiga mgongo.

"Mlaze basi," anasema Miraji. "Mtoto kachoka."

"Nimlaze na upepo tumboni? Ukimlaza utabaki mle mle, usiku hatulali. Mpaka asimame, upepo upande, ndio utoke."

Sabiri anacheua, mcheuo wa mtu mzima aliyekula pilau.

Miraji anasimama na kikombe mkononi. Anamtazama mtoto. Anatazama kinywa cha mtoto, kilivyo juu. Kisha kikombe kinaanguka, na mzee wa miaka hamsini na kitu anatoka mbio, kandambili moja imebaki mlangoni.

Chini ya kigari anawasha tochi. Nati ya kutolea upepo, kwenye kila kalipa, inatazama chini. Amezifunga kichwa chini miguu juu, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Siku mbili ameufungulia upepo mlango wa chini, nao umekaa juu darini, umekunja miguu, unamsikiliza.

Kwa nini alizifunga hivyo? Mipira ya zamani inayopeleka mafuta ya breki ilikuwa mifupi. Kalipa zikikaa sawasawa haifiki. Zikigeuzwa, inafika, bila kuvutwa hata kidogo. Mkono wake, uliofundishwa na njaa ya vipuri kwamba kinachofika ndicho sahihi, ukageuza kalipa ili kuokoa mipira miwili mizee. Na mipira mipya mirefu inaning'inia katika kibanda cha Uweso, hatua chache tu, kama mapambo ya sikukuu.

"Uweso, nipe mipira miwili."

"Mzee! Wewe? Mpira mpya?" Uweso anashika kifua. "Ngoja niite majirani, wasije wakasema nimekuibia."

"Nipe mipira, usinitanie."

Jua linapozama pedali imekuwa jiwe, mkanyago wa kwanza na wa pili.

Kesho yake, Jumatano, Rehmatbai anatangulia kwa basi na gari la kukodi, anakwenda kuketi kwenye mgahawa wa chai chini ya mteremko. Chumbageni, Mwatumu amesimama kando ya kigari, mlango wa kushoto u wazi, naye haingii.

"Kilikuwa na nini?"

"Kilikuwa na upepo."

"Hilo ulilijua tangu juzi. Kilikuwa na nini?"

Miraji anatazama spana yake. "Kilikuwa na mwaka themanini na tatu."

Mwatumu anafikiri. Kisha anakusanya buibui lake, anaingia.

Kupanda wanapanda salama, nyuma wamejaza magunia ya mchanga badala ya khanga. Kuteremka, kwenye kona ya kwanza, Miraji anafanya alivyofanya maisha yake yote: anashindilia breki kwa uzito wake wote, kama anaua nge. Kigari kinasimama papo hapo. Mwatumu anakaribiana na kioo. Mchanga unahama kiti.

"Pana nini?" anauliza mke.

"Hapana kitu."

"Mbona tumesimama?"

"Nimegusa tu."

Kona ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mbuzi aliyekuwa anavuka barabara anawangoja wapite, wao wamesimama wanamngoja yeye. Mguu wa Miraji haujui la kufanya. Akiukaza, gari linaganda. Akiulegeza, moyo unamwambia breki zimekwisha. Anatokwa jasho kama anayesukuma.

Wanapofika chini, chai ya Rehmatbai imepoa na mwavuli wake amekwisha kuuvunja kwa kuupindapinda. Mwatumu anashuka, anaweka ushungi sawa.

"Enhe?" anauliza Rehmatbai. "Inashika?"

"Breki nzima," anasema Mwatumu. "Mguu ndio mbovu. Endesha mwenyewe, mama, tena uiguse kama unamwamsha mgeni."

Rehmatbai anakipandisha kigari hadi nusu ya mlima peke yake, anakiteremsha taratibu kama maji ya birika. Anashuka. Anampa Mwatumu mkono kwanza, kisha Miraji. Alhamisi amekwenda Amani na khanga zake, na amerudi.

Bandarini hakwenda mtu. Lakini Miraji hajatulia, na anasema wazi kwamba hajui kama atatulia. Kuna magari mengine mawili yanayomngoja, yote ya kigeni, yote yenye vitu asivyovijua. Mwatumu naye amekuja na sharti jipya: atapanda, ila mara hii upande wa kulia. Anataka kufundishwa gari, barabara ya shamba la mkonge, kila Ijumaa baada ya swala, mpaka mguu wake uwe mwepesi kuliko wa mumewe. Halafu majaribio ya mteremko ataendesha yeye.

"Nimekubali," anasema Miraji. "Nifanyeje? Lakini huo upande wa kushoto sijawahi kuukalia. Sijui nitakamata nini kona ikija."

"Hakuna cha kukamata," anasema Mwatumu, anamfunga Sabiri mgongoni. "Mimi barabara sikuwahi kuitazama hata siku moja. Nilikuwa nakutazama wewe usoni."