Nilibadilisha ekzosi na filta ya ATV ya chanjo nikaacha jeti ya zamani, kijiji kizima kikakimbilia porini

Wakuu, salamu nyingi kutoka Kisangani.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, hasa kwenye nyuzi za mafundi. Leo nami natoa la kwangu. Nitalieleza kama lilivyotokea, pamoja na zile sehemu zinazoniumbua. Mkitaka kucheka, chekeni, mimi nimeshajizoea.

Kiswahili changu mtakivumilia. Mama ni mtu wa Maniema, baba ni wa hapa kwenye maporomoko, na nyumbani Lingala na Kiswahili vyote vilitumika kwa pamoja.

Kazi yangu ni dereva. Naendesha ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne, huku tunaiita quad. Tunapeleka chanjo za watoto kwenye vijiji vya barabara ya Bafwasende. Nyuma nafunga sanduku la baridi lenye barafu, na kati yangu na sanduku anakaa nesi, Mama Béatrice.

Barafu ikitoka Kisangani asubuhi inavumilia mpaka kesho yake mchana. Baada ya hapo huna chanjo tena, una chupa tu.

Vijiji vile havina mtandao. Hakuna wa kumpigia simu umwambie tunakuja.

Tangazo letu lilikuwa mlio wa quad yenyewe. Ilikuwa na mlio mzito, wa kukohoa kohoa, na akina mama waliujua hata wakiwa shambani. Ukishuka mlima wa mwisho unakuta wameshajipanga, watoto mgongoni. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kwamba ule mlio nao ni sehemu ya kazi.

Sasa tatizo.

Quad ilianza kukosa pumzi. Kwenye milima yenye tope, na mzigo wote ule, inapanda nusu inachoka. Mara mbili Mama Béatrice alishuka akasukuma, na yeye si mtu wa kusukuma kitu na kukaa kimya.

Ekzosi ilikuwa imetoboka kwa kutu, filta ya hewa imejaa vumbi. Rafiki yangu mmoja anayefuata bidhaa Kampala akaniletea ekzosi mpya ya kimichezo, fupi, inang'aa, na filta ya sponji inayopitisha hewa nyingi. Jeti kubwa za kabureta alisahau.

Nilipeleka kila kitu kwa Tonton Faustin, fundi wangu pale Makiso. Mzee huyu ana makopo ya maziwa yaliyojaa jeti za zamani, kila kopo lina la kwake, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa.

Alifunga ekzosi, akafunga filta, akawasha, akasikiliza. Kisha akazima.

"Alors, unabadilisha échappement, unabadilisha filtre, na gicleur unaacha ile ya zamani?" aliniuliza. "Hewa inaingia mingi, essence inabakia ileile kidogo. Moteur itakuwa na njaa. Unipe siku tatu, nitakutafutia gicleur."

Gicleur ndiyo jeti, wakuu. Kale kamsumari ka shaba kenye tundu dogo kanakopima petroli.

Siku tatu sikuwa nazo. Safari ya chanjo ilikuwa kesho yake.

Na ngoja niseme ukweli wote. Hata kama ningekuwa nazo, sijui kama ningempa. Nilikuwa nimeshaisikia. Ukifungua gesi inanguruma, ukiachia inatema: pa! pa-pa! Vijana wa toleka, wale wa teksi za baiskeli, waliacha abiria wakaja kuangalia. Mmoja akapiga saluti. Mtu mzima nikajiona kijana.

Tukaondoka asubuhi. Kwenye milima quad ilipanda vizuri kuliko zamani, ingawa injini ilikuwa na joto la kutisha miguuni. Mama Béatrice alinipiga bega.

"Papa, hii kelele iko nini? Masikio yangu inaniuma!"

"Iko nguvu hiyo, mama," nikamjibu.

Tukafika mlima wa mwisho kabla ya kijiji. Jina lake naliacha, watu wake nimeshawasumbua vya kutosha. Ule mlima ni mrefu na unashuka kwa kasi, kwa hiyo unaachia gesi kabisa na kuiacha injini ishikilie.

Wanaojua kabureta mmeshajua kilichofuata. Mchanganyiko wenye petroli kidogo hauwaki vizuri ndani ya silinda. Unatoka mbichi, unakutana na bomba la moto, unalipukia humo.

Pa! Pa-pa-pa! Pa! Mlima mzima, mpaka chini. Nilikuwa natabasamu.

Tukaingia kijijini.

Hakukuwa na mtu.

Sufuria ya pondu, kisamvu, ilikuwa motoni inachemka. Kandambili moja katikati ya barabara. Kwenye kibanda cha maandazi karai lilikuwa limepinduka, mafuta yanafuka kwenye mchanga.

Nilizima injini. Ndipo nikamwona mtu mmoja, fundi cherehani, amekaa kwenye baraza nyuma ya mashine yake. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni. Mikono yote miwili alikuwa ameiinua juu.

"Niko na mguu moja tu ya kutembea," alisema. "Singeweza kukimbia. Bon, kamateni mashini, hapa franga hakuna."

Mama Béatrice alishuka, akamwendea, akamshusha mikono kwa mikono yake mwenyewe. "Papa, ni sisi. Ni sisi ba chanjo."

Yule baba aliniangalia mimi, akaangalia ekzosi, akavua tepu shingoni na kuanza kuikunja.

Wakuu, nyie mlio mbali labda hamjui. Kwenye barabara zile kila nyumba ina njia yake ya kuingilia porini, na watoto wanafundishwa njia hiyo kabla hawajafundishwa kusoma. Ukisikia risasi huulizi. Unabeba mdogo, unakamata mkubwa, unakwenda.

Na mimi sina kisingizio cha ugeni. Nikiwa mtoto, vita vilipopiganwa humu mjini, mama alinilaza chini ya kitanda na kunilalia juu. Mlio ule naujua kuliko fundi yeyote. Lakini niliununua, nikaulipia usafiri kutoka Kampala, na nilipousikia nikafurahi. Mpaka leo sijui jinsi kichwa cha mtu kinavyoweza kufanya hivyo.

Tulisubiri. Fundi cherehani alipiga mluzi wa ishara ambao wao wanaujua, lakini siku hiyo uliitikiwa na wachache. Wengine walikuwa wameshakwenda mbali. Mchana ukapita, jioni watoto saba tu wakachanjwa. Kwa kawaida tunajaza kurasa mbili za daftari.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Mama Furaha, mwenye kibanda cha maandazi. Alikuja anachechemea. Alipokuwa anakimbilia mtoto wake mchanga alikanyaga karai, na mafuta yakammwagikia mguuni. Ngozi ilikuwa imeinuka yote.

Mama Béatrice alimsafisha na kumfunga. Kisha akataka kumchanja mtoto, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Mama Furaha alimvuta mtoto kifuani.

"Apana. Mutoto yangu hatakamata sindano mu mikono ya batu benye banatufukuza na bunduki."

"Haiko bunduki, mama," nilisema. "Iko échappement."

"Mguu yangu haijue difference," alinijibu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimeshaona aibu nyingi maishani.

Mama Béatrice hakunigombeza. Kurudi, milima yote nilishuka na injini imezimwa, kwa breki tu. Chanjo zilizobaki ziliharibika.

Nilipofika mjini nilikwenda moja kwa moja kwa Tonton Faustin. Akafungua plagi, akanionyesha. Nyeupe kama chaki. Plagi yenye afya inakuwa na rangi ya chai ya maziwa, ile nyeupe inasema injini inaungua taratibu. Ningekwenda safari nyingine mbili ningetoboa pistoni.

"Ile gicleur nimeipata," alisema. "Pamoja na ya ralenti. Kelele itakufa."

Kweli, ukiweka jeti kubwa ya kati na ile ndogo ya sailensa, yaani ya injini inapowaka bila kupewa gesi, kupiga kunaisha. Alitaka kufunga.

Nikamwambia hapana. Nataka ile ekzosi ya zamani.

"Ile imetoboka!"

"Unisudie matundu, Tonton. Lakini mlio usibadilike."

Akaniangalia kama mgonjwa. Nilipomweleza, aliweka spana chini akaenda kuifuata ile ya zamani. Kisha akaanza kuchomelea. Alikuwa anaziba kidogo, anawasha, ananiuliza kama ndivyo ilivyokuwa inakohoa, anaziba tena. Ilichukua siku nzima.

Filta mpya tuliiacha, jeti tukapanda namba moja tu, maana ekzosi ya zamani haipumui sana. Plagi sasa ni chai ya maziwa. Nguvu imerudi karibu yote.

Mwezi uliofuata tukaenda tena.

Juu ya ule mlima nilisimama. Mama Béatrice akaniambia, "Shuka tu, papa." Nikashuka polepole, injini inakohoa.

Chini kwenye kona, Mama Furaha alikuwa amesimama barabarani peke yake. Alikuwa ametangulia mbele ya wenzake kama mtu aliyetumwa kuhakikisha. Mguu ulikuwa na kovu la waridi mpaka kwenye kifundo.

Nilizima. Hakunisalimia. Aliangalia ekzosi, akaigusa haraka kwa kidole, akaungua kidogo.

Kisha akamtoa mtoto mgongoni, akanipa mimi nimshike, ili mikono yake iwe huru kutafuta kadi ya chanjo kwenye kitenge.

Nilimshika kwa mikono miwili, nikiogopa hata kupumua.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukibadilisha ekzosi na filta, badilisha na jeti siku hiyohiyo, la sivyo usiwashe. Na kabla hujaongeza nguvu kwenye chombo, jiulize wanaokisikia kikija wanasikia nini.

Ekzosi ya Kampala iko kwa Tonton Faustin, amening'iniza ukutani. Msiniulize PM, haiuzwi.

Haya wakuu, uwanja wenu. Wenye uzoefu wa jeti nisahihisheni. Na kama kuna aliyewahi kutisha watu bila kukusudia, aseme alirudije kwao.