Ile Pointi Nyingine

Kwetu mjomba akisema, hata baba yako anakaa kimya. Wangu ndiye aliyenilea, korosho nilizookota zilikuwa zake, na kama hayo hayatoshi, alikuwa kocha wa timu yetu ya Chinongwe. Nikigeuka huku, mjomba. Nikigeuka kule, mjomba.

Miaka ile ya tisini, sisi wa Ruangwa bado tulikuwa tukienda Nachingwea kwa kila jambo. Bingwa wa ligi yetu ya timu nne angepelekwa huko kucheza mbele ya watu wa kampuni moja ya Mtwara iliyokuwa ikiajiri wachezaji. Nilikuwa mshambuliaji, na mlango wa kutokea ulikuwa huo tu.

Mwaka huo kamati ikabadilisha hesabu. Zamani ukishinda unapata pointi mbili, mkitoka sare kila timu moja. Sasa ushindi ukawa pointi tatu, sare ikabaki moja.

Mechi ya mwisho ilikuwa sisi na Mbekenyera. Tulikuwa tumeshinda mbili na kutoka sare tatu, hatujafungwa hata moja. Wao walikuwa wameshinda tatu na kufungwa mbili. Kwa hesabu ya zamani tulikuwa juu, saba kwa sita, na sare ingetupa kombe. Kwa hesabu mpya tulikuwa sawa, tisa kwa tisa, nao walitupita kwa magoli. Ilikuwa lazima tushinde.

Nilimweleza mjomba.

“Mechi ina pointi ngapi?” akauliza.

“Tatu.”

“Mkitoka sare?”

“Kila timu moja.”

“Na ile nyingine inakwenda wapi? Watu wawili wakilima pamoja wakavuna magunia matatu, kila mmoja anabeba moja na nusu. Hakuna gunia linalotupwa porini!”

Nikamwambia nimemsikia mwenyekiti wa kamati kwa masikio yangu. Mjomba akacheka. Mwenyekiti alikuwa mtani wake. Wiki iliyotangulia alikuwa amemzushia mjomba kifo, watu wakaja na vilio vyao wakamkuta anakula.

“Huo ni utani,” akasema. “Kesho tunalinda goli.”

Tukalinda. Mimi mshambuliaji nikawekwa nyuma, nimebanwa kati ya mabeki kama nimefungwa kamba. Kipindi cha pili nikachoka kutii, nikachukua mpira nikakimbia nao mbele. Kabla sijafika popote, mjomba alishaomba kunibadilisha. Nikakaa kando ya uwanja nikilia kwa hasira, wenzangu wakibutua mipira nje huku mjomba akiwapigia makofi. Bila kwa bila.

Mwenyekiti akasoma msimamo: Mbekenyera bingwa.

“Acha utani, mtani!” mjomba akapaza sauti, akacheka mpaka akashika mbavu. Alicheka hadi kombe lilipokabidhiwa, na wakati huo alikuwa anacheka peke yake.

Wiki iliyofuata lori lililowabeba Mbekenyera kwenda Nachingwea lilipita barabarani kwetu, vijana wanaimba. Mimi na mjomba tulikuwa chini ya mikorosho yake. Akasimama akalitazama mpaka vumbi likatulia.

“Mjomba,” akaniita kwa upole, kama wajomba wanavyowaita wapwa zao. “Ile nyingine imekwenda wapi?”

Niliinama nikaendelea kuokota.