Kiti cha Mlangoni katika Boti ya Papa

Enzi zetu, sisi tuliokulia kando ya Ziwa Kivu, joto lilibebwa kwa mikono. Hapakuwa na kitu cha kubonyeza. Uliwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, ukapuliza makala mpaka macho yakatoa machozi, na kabla hujaota moto wewe uliwapelekea wakubwa kwanza. Watoto wetu waliozaliwa huku Johannesburg wakisikia baridi wananyoosha kidole ukutani, halafu wanalalamika kwamba hita inachelewa.

Papa, yaani baba yetu, alikuwa na boti ndogo ya mbao, injini nyuma na kabini katikati. Nasema kabini, lakini kilikuwa kijumba cha mbao na bati, watu wanane magoti yakigusana. Labda tisa, sina hakika; nilikuwa mdogo na kila kitu kilikuwa kikubwa. Boti ilibeba akina mama wa biashara kutoka Goma hadi kisiwa cha Idjwi na kurudi, pamoja na mananasi yao, maharage, na kuku waliofungwa miguu. Watu wanadhani Kongo yote ni joto. Wangekaa kwenye ziwa lile asubuhi ya ukungu, upepo ukishuka kutoka milimani, ndipo tuzungumze.

Papa hakupenda moto ndani ya boti. "Moto unakula hewa kabla yako," alikuwa akisema. "Jiwe halili kitu." Kwa hiyo kabini tuliipasha kwa mawe. Kwetu mawe meusi ya volkano yamejaa mpaka ndani ya nyua. Tuliyaacha yale mepesi yenye matundu, maana hupoa upesi, tukachagua mazito. Tuliyapanga juu ya makala ufukweni, yakishika moto tukayatia katika sufuria kuukuu yenye majivu, tukafunika, tukaiweka katikati ya sakafu ya kabini. Joto lilianzia kwenye nyayo, likapanda magotini, na harufu ya majivu ikachanganyika na ya mananasi na sweta zilizoloa. Hapo akina mama waliacha kugombania nafasi wakaanza kusengenya waume zao.

Aliyeleta mawe ndiye aliyekaa mlangoni. Hiyo ilikuwa desturi ya papa. Mlangoni palikuwa na baridi kuliko pote, lakini palikuwa na heshima: unaangalia watu, unabadilisha mawe, na unalinda tundu la ukutani, kubwa kama kiganja, lisizibwe. Kiti kile kilikuwa cha yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka kama kumi na minne. Injini ikikohoa, alitaja ugonjwa wake kabla papa hajafungua kifuniko. Alisema waziwazi kwamba siku moja ataiendesha boti ile. Akina mama walimtania, "Weye kapiteni, nani atakuoa? Samaki?" Naye alijibu, "Samaki hasemi ovyo, mama."

Siku ninayotaka kuisema, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mawe yalikuwa yameloa, na jiwe lililoloa ukilitia motoni hupasuka likakurukia machoni. Ndani kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, anatetemeka. Papa akamruhusu yaya aingize mbabula yenyewe, makala yakiwa yameshaiva mekundu. Nimtendee haki papa pia: alifanya kwa huruma, na alionya mara mbili. "Furaha, tundu lile. Liwe wazi mpaka tufike."

Mimi nilikaa chini ya tundu. Upepo ulinipiga shingoni kama maji. Katikati ya safari papa alimwita yaya nje amsaidie kufunika mizigo kwa turubai, naye akatoka, akarudisha mlango ili mvua isiingie. Nikavua sweta yangu ya shule, ya bluu, nikaikunja, nikaisokomeza kwenye tundu. Hakuna aliyenituma. Sikuwaza chochote zaidi ya shingo yangu.

Nakumbuka joto likawa tamu sana. Kichwa kikawa kizito. Mama mmoja akasema anataka kutapika. Baada ya hapo sikumbuki. Nilipofumbua macho nilikuwa mikononi mwa papa, mvua inanipiga usoni, watu wote wako nje wanakohoa, mtoto mchanga analia. Namshukuru Mungu kwamba alilia. Papa alimuuliza yaya kwa sauti ya chini, na ile sauti ilitisha kuliko kelele, "Tundu lilikuwa wazi?"

Yaya aliniangalia. "Halikuwa wazi, papa. Nilitoka. Kosa ni langu."

Nami nilinyamaza. Kabla ya wiki kwisha papa alimtoa kwenye boti, akapelekwa kwa shangazi kujifunza cherehani. Sweta yangu niliikuta kitandani, imekauka, imekunjwa vizuri. Nilijiambia ni mama aliyeikunja.

Yaya ni fundi mpaka leo, ana cherehani mbili mtaa wa La Rochelle, huku huku Johannesburg. Jumapili iliyopita alitoka kanisani akaja kwangu Bellevue. Umeme mtaani ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, na baridi ya hapa mnaijua, kavu, inaingia mpaka kwenye meno. Tukawasha moto uani, tukapasha vipande vya matofali, tukavitia katika sufuria yenye majivu. Binti yangu Neema alisimama akituangalia. "Eish, mama, mnapika mawe? Mtayatia chumvi?"

"Ngoja yaive, utaonja," yaya akamwambia.

Neema alipoenda spaza, kile kiduka cha mtaani chenye jenereta, kuchajisha simu, tuliingiza sufuria chumbani. Yaya akavuta kigoda chake mlangoni bila hata kufikiri, akaanza kushona kifungo cha koti langu. Sijui kwa nini nilisema siku ile na si siku nyingine. Labda ni harufu ya majivu.

"Yaya, siku ile kwenye boti, ni mimi niliziba tundu. Na sweta yangu."

Hakuacha kushona. "Nilijuaka. Nani mwingine alikuwa na sweta ya bluu?"

"Sasa kwa nini hukumwambia papa?"

"Papa alikuwa amekubeba, umelegea kama kitambaa kilicholoa. Ningesemaje?" Akakata uzi kwa meno. "Lakini nilingoja useme weye. Ule mwaka wa kwanza nilingoja sana."

Nikasimama, nikamwambia asogee karibu na sufuria, leo mlangoni nakaa mimi.

"Utasikia baridi."

"Acha nisikie."

Akaniangalia kidogo, kisha akahama. Akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye joto. Nikafungua dirisha upana wa kiganja, upepo ukaja shingoni palepale.

Hita za siku hizi ni nzuri, sitazisingizia; hazimlazi mtoto akazimia. Ila joto lake halina mwenyewe. La zamani, ukiliota, ulijua nani amekaa kwenye baridi kwa ajili yako, hata kama hukumshukuru.

Neema akarudi, akaona dirisha, akanyoosha mkono alifunge.

"Acha," tukasema mimi na yaya kwa pamoja.